Kufundisha mtoto nyumbani si kosa, lakini sheria imemwacha mzazi njiani

Kuna swali ambalo limekuwa likirudi mara kwa mara hapa mashariki mwa Congo: je, mzazi ana ruhusa ya kumfundisha mtoto wake nyumbani bila kumpeleka shuleni? Zamani wengi wangelichukua kuwa swali la watu wenye feza nyingi. Leo linaulizwa na mama muuza unga wa Kadutu, na baba fundi wa Katindo, na mwalimu asiye na kazi wa Bunia, na familia iliyokimbia kijiji na sasa inaishi kwa ndugu katika mji mwingine.

Sababu zinajulikana. Mwaka 2020 shule zote za inchi zilifungwa tangu mwezi wa tatu kwa sababu ya Covid-19. Wanafunzi wa miaka ya mwisho walirudi mwezi wa nane, wengine wakangoja mpaka tarehe 12 mwezi wa kumi. Kabla mwaka haujaisha, zikafungwa tena mpaka mwezi wa pili 2021. Mwezi wa tisa 2024, mwaka wa masomo ulianza na mgomo wa walimu katika majimbo kadhaa, wakidai mshahara unaowafaa. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Goma ikaingia mikononi mwa AFC/M23, na katikati ya mwezi wa pili Bukavu ikafuata. Shule zikanyamaza tena, na madarasa mengi yalikuwa tayari yamelala watu waliokimbia vita.

Kila mara shule inapofungwa, mzazi anafanya hesabu yake. Mtoto amekaa wiki tatu, mwezi, miezi miwili. Nyumbani kuna dada aliyepata diplomu ya Serikali, kuna kitabu cha zamani cha hesabu, kuna ubao mdogo ukutani. Kwa nini asianze kumfundisha mwenyewe? Na kama anaendelea vizuri, kwa nini arudi katika darasa lenye watoto themanini?

Hayo ni maswali ya haki. Shida iko katika majibu yanayozunguka mitaani. Wengine wanasema: ni marufuku, serkali itakukamata. Wengine wanasema: mtoto ni wako, fanya unavyotaka. Majibu yote mawili yana kosa, na mtu anayelipa kosa hilo ni mtoto, siku anapofika mwaka wa sita na kuombwa karatasi ambazo hana.

Tuanze na Katiba, ile ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006. Kifungu cha 43 kinasema kwamba kila mtu ana haki ya elimu ya shule, na kwamba elimu ya taifa inatolewa na shule za serkali pamoja na shule za watu binafsi zilizopewa kibali. Kifungu hichohicho kinasema kwamba wazazi wana haki ya kuchagua namna ya elimu ya kuwapa watoto wao. Kisha kinaongeza kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serkali. Kifungu cha 45 kinasema kwamba ufundishaji ni huru, lakini uko chini ya uangalizi wa serkali kwa masharti yanayowekwa na sheria.

Soma tena polepole: haki ya kuchagua, lazima ya kusoma, uangalizi wa serkali. Vitu hivyo vitatu vimekaa pamoja katika vifungu viwili vinavyokaribiana, na hakuna kimoja kinachofuta kingine. Mzazi anayesema «Katiba inaniruhusu» anasoma sentensi moja na kuacha nyingine. Mkubwa wa shule anayesema «ni marufuku» naye anafanya vilevile.

Baada ya Katiba inakuja sheria-mwongozo namba 14/004 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 kuhusu elimu ya taifa, iliyochukua nafasi ya ile ya tarehe 22 mwezi wa tisa 1986. Sheria hiyo inapanga ngazi za masomo tangu shule ya watoto wadogo mpaka chuo kikuu. Inaweka elimu ya msingi ya miaka minane, yaani miaka sita ya primeri na ile miwili inayofuata, darasa la saba na la nane. Inataja pia elimu isiyo ya shule ya kawaida, kama vile kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, na kuwarudisha katika masomo watoto waliochelewa.

Lakini sheria hiyo imejengwa juu ya shule. Inamwambia anayetaka kufungua shule atafute nini na wapi. Mzazi anayetaka kumfundisha mtoto wake mwenyewe hapati humo sura inayompa njia hatua kwa hatua: aandike barua kwa nani, apeleke karatasi gani, inspekta aje mara ngapi, mtoto apimwe lini, aandikishwe wapi kwa mtihani. Hapo ndipo mzazi anaachwa njiani. Katiba imemfungulia mlango, lakini nyuma ya mlango hakuna aliyemtengenezea barabara.

Kuna watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mbele ya vita, njaa na magonjwa. Hatukubali, kwa sababu madhara yake yanaonekana mahali ambapo kila mzazi mkongomani anapaogopa: kwenye mtihani.

Mfumo wetu wa masomo una milango mitatu mikubwa. Wa kwanza ni ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ambao zamani tuliuita TENAFEP. Wa pili ni TENASOSP, mwishoni mwa darasa la nane, unaosaidia kumwelekeza mtoto katika masomo yanayomfaa. Wa tatu ni Examen d'État, unaofanyika tangu 1967, na bila huo hakuna diplomu ya Serikali wala chuo kikuu.

Kwa mlango wa tatu, mtu aliyesoma peke yake hakusahauliwa. Kuna wanaoitwa otodidakti, watu wasiotoka katika darasa la mwisho la shule fulani, ambao kwanza wanapita mtihani wa awali, kisha wanaruhusiwa kuketi pamoja na wanafunzi wengine. Wako wakubwa wengi waliopata diplomu kwa njia hiyo, baada ya vita au ndoa ya mapema kuwakatia masomo.

Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kungoja njia ya otodidakti. Yeye anahitaji ENAFEP, na kwa ENAFEP mtoto anaandikishwa na shule yake. Ni shule inayotuma orodha kwenye sous-division, na ni shule inayotengeneza buletini yenye sehemu za namba za mwanafunzi. Mtoto ambaye hayuko katika daftari la shule yoyote hayuko mahali popote. Anaweza kujua hesabu kuliko wenzake wote wa mtaa, lakini jina lake halimo.

Tuchukue mfano rahisi. Familia inakimbia mwaka ambao mtoto yuko katika mwaka wa tatu. Buletini zimebaki nyumbani, na nyumba imeporwa. Mama ni mwalimu, anamfundisha mwenyewe kwa miaka mitatu, kila asubuhi, bila kukosa. Mtoto anasoma Kifaransa vizuri, anajua kugawanya, anajua mito na majimbo ya inchi. Mwaka ambao angemaliza shule ya msingi, mama anampeleka kwenye shule ya jirani. Mkubwa wa shule anauliza buletini ya mwaka wa tano. Hakuna. Anauliza ya mwaka wa nne. Hakuna. Anauliza cheti cha kuzaliwa. Kimebaki kule. Mkubwa huyo atafanya nini? Kama ana moyo mwema, atampima mtoto na kutafuta namna ya kumwingiza. Kama ana woga, atamrudisha mwaka wa tatu. Kama ana njaa, ataomba feza. Mambo yote matatu yanategemea tabia ya mtu mmoja, kwa sababu hakuna andiko linalomwambia la kufanya.

Ndiyo maana tunasema kwamba swali la sheria si la mawakili peke yao. Ni tofauti kati ya mtoto anayepanda darasa na mtoto anayerudishwa nyuma miaka mitatu mbele ya wenzake.

Kabla ya kusonga mbele, tutofautishe mambo matatu ambayo watu wanayachanganya.

La kwanza ni mwalimu wa kurudilia masomo, yule anayekuja nyumbani jioni au siku ya posho kumsaidia mtoto ambaye asubuhi yuko shuleni. Hilo halina shida yoyote na sheria ya masomo ya lazima. Mtoto yuko katika daftari la shule, na msaada wa jioni ni jambo la familia.

La pili ni mzazi anayemfundisha mtoto wake mwenyewe, badala ya shule. Hilo ndilo ambalo Katiba inaliachia nafasi chini ya haki ya kuchagua, na ambalo sheria haijalipangia utaratibu.

La tatu ndilo lenye hatari kubwa, nalo linaonekana sana kila shule zinapofungwa. Jirani mmoja anakusanya watoto kumi na watano wa avenyu katika sebule au katika kanisa lisilotumika siku za kazi. Anaomba kila mzazi feza kidogo kwa mwezi. Wazazi wanasema watoto «wanasoma nyumbani». Hapana. Watoto wa familia mbalimbali, mwalimu anayelipwa, saa zinazojulikana: hiyo ni shule, na Katiba inazungumza juu ya shule za watu binafsi zilizopewa kibali, kile tunachoita agrément. Bila kibali hicho, buletini inayotolewa pale haina nguvu, hata ikiwa na muhuri mzuri. Mzazi anayelipa mahali kama hapo anapaswa kuuliza swali moja kabla ya kutoa feza: mtoto wangu ataandikishwa ENAFEP kwa jina la shule gani? Kama jibu ni «tutaona», feza ibaki mfukoni.

Hatusemi hivyo ili kuwatukana wanaofanya kazi hiyo. Wengi wao waliokoa watoto wakati ambapo hakuna mwingine aliyewajali. Lakini wema wa mwalimu haumpi mtoto namba.

Sasa, mzazi ambaye leo hii hana njia nyingine afanye nini? Sheria haijampa utaratibu kamili, lakini kuna mambo anayoweza kufanya ambayo yanamlinda mtoto.

Kwanza, cheti cha kuzaliwa. Sheria ya familia inataka kuzaliwa kwa mtoto kutangazwe katika muda wa siku 90, na katika muda huo ni bure. Muda ukipita, mzazi anapaswa kwenda kwenye tribunali ya watoto, au tribunali ya amani mahali ambapo ile ya watoto haijawekwa, ili apate hukumu inayochukua nafasi ya tangazo hilo, ile inayoitwa jugement supplétif. Ni safari na ni gharama, lakini bila karatasi hiyo mtoto atahangaika katika kila ofisi ya maisha yake.

Pili, usimwondoe mtoto kimyakimya katika shule aliyokuwa. Nenda kwa mkubwa wa shule, mweleze sababu, omba buletini zake zote na karatasi inayoonyesha alifika darasa gani. Kama umekimbia na shule yako ya zamani imehamia mahali pengine, tafuta walimu wake. Mara nyingi nao wamekimbia na daftari zao.

Tatu, andika. Barua fupi kwa mkubwa wa sous-division ya masomo ya mahali unapoishi, ukieleza jina la mtoto, darasa lake, sababu ya kumfundisha nyumbani, na shule iliyo karibu ambayo ungependa impime mwishoni mwa mwaka. Bakiza nakala yenye muhuri au sahihi ya aliyeipokea. Hakuna andiko linalomlazimisha akujibu kwa namna fulani, lakini siku ya maswali, mzazi mwenye barua iliyopokelewa ana neno la kusema kuliko asiye na kitu.

Nne, fuata programu ya taifa, si kitabu chochote ulichopata sokoni. Weka daftari za mtoto kwa mwaka, andika tarehe na masomo. Hapa mashariki kuna jambo la kuangalia sana: Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa ambazo Katiba inazitaja, na kuanza kumfundisha mtoto kwa Kiswahili ni jambo zuri. Lakini ENAFEP inafanywa kwa Kifaransa. Mtoto aliyesoma hesabu kwa Kiswahili tu anaweza kushindwa na swali ambalo jibu lake analijua, kwa sababu hakuelewa maneno yake.

Tano, kama mtoto amechelewa miaka mingi na umri wa darasa lake umempita, uliza kituo cha kurudilia masomo, kile kinachojulikana kwa herufi CRS. Vituo hivyo viko chini ya wizara ya mambo ya jamii. Miaka sita ya shule ya msingi inasomwa kwa miaka mitatu, na mwishoni mtoto anafika kwenye mtihani kama wengine. Kwa watoto wengi waliokatiwa masomo na vita, njia hiyo ni fupi na salama kuliko kubaki nyumbani.

Wako watakaotuuliza: kwa nini serkali iwaulize wazazi karatasi, wakati yenyewe haiwezi kuweka mwalimu darasani na usalama njiani? Hoja hiyo ina uzito. Masomo ya bure ya shule za msingi yalianza kutekelezwa mwezi wa tisa 2019, miaka kumi na mitatu baada ya Katiba kuyaahidi. Sekondari bado inalipwa, hata ile miaka miwili ambayo sheria inaiweka ndani ya elimu ya msingi. Mzazi anayemfundisha mtoto nyumbani kwa sababu njia ya shule ina risasi hajavunja sheria kuliko serkali iliyoshindwa kuilinda njia hiyo.

Na serkali yenyewe imekwisha kukubali kwamba nyumba inaweza kuwa darasa. Mwaka 2020, shule zilipofungwa, masomo yalipita redioni, na wengi wanakumbuka kipindi cha Okapi École. Watoto waliketi karibu na redio, wazazi wakashika daftari. Hakuna aliyesema kwamba ni kosa. Kama ilikuwa halali wakati serkali ilipotaka, ni vigumu kuelewa kwa nini imebaki bila utaratibu wakati mzazi anapolazimika.

Lakini kuna upande mwingine, na tusiufiche. Neno «anasoma nyumbani» linaweza kuficha mambo mengine. Linaweza kuficha msichana wa miaka kumi aliyebakizwa ili alee wadogo zake na kuchota maji, huku kaka zake wakienda shuleni. Linaweza kuficha mvulana anayebeba mchanga katika shimo la madini, au aliyepelekwa kwa shangazi mjini kufanya kazi za ndani. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18, na inampa haki ya elimu. Haki hiyo ni ya mtoto mwenyewe kabla ya kuwa ya baba yake. Kwa hiyo mtu wa serkali anapouliza «mtoto huyu anasoma wapi, na amefika wapi?» haingilii nyumba ya watu. Anafanya kazi ambayo mtoto hawezi kuifanya mwenyewe.

Inchi nyingine zilizoruhusu masomo ya nyumbani hazikuacha swali hilo bila jibu. Tuzitazame mbili ambazo familia nyingi za Congo zina ndugu ndani yake. Ufaransa, elimu ni ya lazima tangu miaka 3 mpaka 16. Zamani mzazi alitosheka na kutangaza kwamba anamfundisha mtoto nyumbani. Kwa sheria ya tarehe 24 mwezi wa nane 2021, tangu mwaka wa masomo ulioanza 2022 anapaswa kuomba ruhusa, na sababu zinazokubaliwa zimeandikwa: afya au ulemavu, michezo au sanaa ya kiwango cha juu, familia inayohamahama au iliyo mbali na shule, au hali ya pekee ya mtoto yenye mpango wa masomo unaoeleweka. Ubelgiji, ambako mfumo wetu wa shule ulizaliwa, masomo ni ya lazima tangu miaka 5 mpaka 18. Mzazi wa upande wa lugha ya Kifaransa anaweza kufundisha nyumbani kwa kutangaza, lakini mtoto anapimwa akiwa bado mdogo, na baadaye anafanya mtihani uleule wa kumaliza shule ya msingi wanaofanya watoto wote.

Moja imechagua ruhusa, nyingine imechagua tangazo. Watu wanaweza kubishana ipi ni bora. Lakini zote mbili zimejibu maswali ambayo kwetu hayajajibiwa: mzazi aende ofisi gani, nani anakuja kuangalia, na mtoto anaingiaje katika mtihani.

Hatuombi Kinshasa inakili sheria ya Paris. Inspekta wetu hana gari, na mara nyingine hana hata karatasi. Tunaomba kitu kidogo kinachowezekana: agizo la waziri wa Elimu ya Taifa na Uraia Mpya, la kurasa chache, linaloweza kubandikwa ukutani katika kila sous-division.

Agizo hilo liseme kwamba mzazi anayemfundisha mtoto wake nyumbani katika umri wa masomo ya lazima anatangaza kwenye sous-division mwanzoni mwa mwaka, bila malipo. Lisema pia kwamba mtoto huyo anafungwa kwa jina katika daftari la shule moja iliyo karibu, shule ambayo itampima mara moja au mara mbili kwa mwaka, kumpa buletini, na kumwandikisha ENAFEP. Lieleze wazi namna ya kumrudisha shuleni mtoto asiye na karatasi kwa sababu ya vita: anapimwa, anawekwa darasa linalolingana na anachokijua, na karatasi zinatafutwa baadaye. Na liandike kwa maneno makubwa kwamba hakuna feza inayoombwa kwa lolote kati ya hayo, kwa sababu tunajuana. Kila muhuri mpya katika inchi yetu huzaa ada mpya, na utaratibu wa kumlinda mtoto unaweza kugeuka meza nyingine ya kulipia.

Kuna jambo gumu zaidi, nalo linahusu watoto wa maeneo ambayo hayako leo mikononi mwa serkali. Mtoto wa Rutshuru, wa Masisi au wa Kavumu hakuchagua nani atawale mahali anapoishi. Utaratibu wowote utakaowekwa usimwombe yeye athibitishe utii wa upande wowote ili apate buletini. Wakubwa wa pande zote wanaosema kwamba wanapigania wananchi wanaweza kuanza kwa kuacha daftari za shule zipite.

Wabunge wetu wa majimbo ya mashariki nao wana kazi. Sheria-mwongozo ya 2014 inaweza kuongezewa sura moja juu ya masomo ya nyumbani, na swali la mdomo kwa waziri halihitaji bajeti. Wamechaguliwa na wazazi haohao wanaobeba daftari begani wakikimbia.

Na kwako wewe mzazi, papa au mama unayesoma haya huku mtoto ameketi pembeni na daftari lake: haki ya kumchagulia elimu unayo, na hakuna anayepaswa kukutisha kwa hilo. Lakini haki hiyo inakuja pamoja na lazima ya mtoto kusoma na ya jina lake kuonekana mahali. Wiki hii tafuta buletini yake ya mwisho, angalia kama cheti chake cha kuzaliwa kipo, na uulize shule iliyo karibu kama iko tayari kumpima. Agizo la waziri linaweza kuchelewa mwaka mzima, na mtoto wako atakuwa amefikia umri wa ENAFEP kabla halijafika.